Koti la Mwonevu

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya misitu ya Mgololo, Tupokigwe alikuwa ameshamaliza kazi zake. Alifagia uwanja, akachemsha chai, kisha akamwamsha mdogo wake Ezron na kumfunga kamba za viatu, kwa sababu Ezron akizifunga mwenyewe zilikuwa hazifunguki mpaka zikatwe. Baada ya hapo walishika njia ya shule. Walitembea pembeni kabisa, maana malori yaliyobeba magogo kwenda kiwanda cha karatasi hayakuwa na subira na watoto.

Njiani Tupokigwe alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Alifanya mazoezi ya ulimi.

"Ra, re, ri, ro, ru," alisema polepole. "Habari. Karatasi. Barabara."

"Dada, unaongea na nani?" Ezron aliuliza.

"Na ulimi wangu. Tembea."

Familia yao ilikuwa imehamia hapo mwanzoni mwa mwaka kutoka Kyela, baada ya baba yao, Mzee Lutengano, kupata kazi ya kupakua magogo kiwandani. Nyumbani walizungumza Kinyakyusa, na wengi waliokulia katika lugha hiyo hupata taabu na herufi "r". Tupokigwe alisema "habali" na "kalatasi". Kule Kyela hakuna aliyemshangaa, kwani hata wenzake darasani walisema hivyo hivyo. Huku, mambo yalikuwa tofauti.

Wiki yake ya kwanza katika darasa la sita, Mwalimu Matilda, aliyefundisha Kiswahili, alimwomba asome kitabuni. Tupokigwe alisimama wima na kusoma kwa sauti nzuri: "Watoto walivuka balabala..."

Darasa zima liliangua kicheko. Hata Mwalimu Matilda alitabasamu, akageukia ubaoni haraka ili asionekane. Tupokigwe alimwona. Hakujua afanye nini, basi naye akacheka.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Brayson, kiranja wa darasa, mtoto wa Bwana Vitus, fundi wa mitambo. Brayson alikuwa mchangamfu na mwenye maneno mengi, na kila alipokuwa palikuwa na kundi. Saa ya mapumziko alimwita Tupokigwe kwa mbali: "Wewe Balabala! Njoo uvuke!" Kufikia mchana, jina lilikuwa limeshaenea shule nzima.

Siku zilipita, jina likabaki. Walimwita Balabala bombani, uwanjani, hata kwenye mstari wa uji. Siku moja Brayson na wenzake walirushiana daftari lake la hisabati mpaka likaangukia kwenye tope. Wengine walicheka, wengine walitazama pembeni. Mvulana mmoja tu, Anord, aliliokota, akalipangusa kwa mkono wa sweta yake na kumrudishia.

"Likaushe kwenye jua, si kwenye moto," alimwambia. "Ukiliweka kwenye moto, kurasa zinajikunja."

Anord alikuwa mpole na mwembamba. Aliishi na bibi yake, na alikuwa na ugonjwa wa pumu. Wenzake walipokimbia mchakamchaka kwenye baridi ya asubuhi, yeye alikaa kwenye ngazi akiwahesabia mizunguko. Hakuwahi hata mara moja kumwita Tupokigwe jina lile.

Tupokigwe alijaribu kumweleza baba yake. "Baba, shuleni wananiita Balabala."

Mzee Lutengano alikuwa ametoka kazini amechoka. Alicheka kidogo. "Jina ni jina tu, mwanangu. Mimi kiwandani wananiita Mnyaki kwa kabila langu, naitika, maisha yanaendelea. Wewe soma, utawashinda kwa masomo."

Alisema kwa nia njema, lakini tangu siku hiyo Tupokigwe hakumweleza mtu mwingine.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwezi wa nane. Tupokigwe alichaguliwa kusoma matangazo ya watoto kanisani. Alikuwa amefanya mazoezi siku tatu, lakini alipoona watu wengi ulimi ukamsaliti. "Habali za asubuhi, wazazi na malafiki," alisoma. Hakujua kwamba Brayson, aliyeketi benchi la tatu, alikuwa amebeba simu ya kaka yake na alikuwa akimrekodi. Mchana ule ule video ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa kijiji, na kabla ya jioni ilikuwa imefika kwa watu wasiomjua kabisa.

Kesho yake mama alimtuma Ezron dukani kununua chumvi. Mtoto alirudi analia.

"Nini tena?" Tupokigwe aliuliza.

"Muuza duka kaniuliza, 'Wewe ndiye mdogo wake Balabala?' Watu wote wakacheka."

Tupokigwe alimfuta machozi. Yeye mwenyewe hakulia. Alihisi kitu kigumu kimekaa kifuani, kama jiwe la kusagia. Akajisemea: Brayson lazima aonje.

Mwezi wa tisa ulipoanza, Mwalimu Matilda aliingia darasani na kikapu kidogo. "Darasa la sita ndio mtakaowaburudisha wageni siku ya mahafali ya darasa la saba," alisema. "Tutacheza igizo kuhusu uonevu shuleni. Humu ndani kuna vikaratasi, na kila kimoja kimeandikwa mhusika. Kuna Mwonevu. Kuna Mwonewa. Kuna Wapambe wawili, kuna Shahidi, kuna Mzazi na kuna Mwalimu. Nani ataniambia tofauti ya Mpambe na Shahidi?"

Msichana aitwaye Goodness alinyoosha mkono. "Mpambe anacheka, Mwalimu. Shahidi anaona, halafu ananyamaza."

"Vizuri sana. Haya, chagueni."

Brayson alifungua kikaratasi chake na kuruka juu. "Mwonevu! Hii ni yangu!" Wenzake wakapiga makofi. Anord alipata Mwonewa. Tupokigwe alipata Shahidi, mhusika mwenye sentensi mbili tu mwishoni mwa igizo. Mwalimu Matilda alileta koti jeusi la zamani la mume wake ili Mwonevu alivae, akalitundika kwenye msumari katika stoo ya vitabu.

Brayson alilipenda koti lile. Alipolivaa alitembea kwa kujitanua, akimsukuma Anord begani kama igizo lilivyotaka. Siku ya tatu ya mazoezi, aliongeza maneno yake mwenyewe. "Ondoka hapa, Balabala!" alifoka, na darasa likacheka.

"Hilo neno halimo kwenye igizo," Mwalimu Matilda alisema kwa ukali. Lakini hakuuliza limetoka wapi, na mazoezi yakaendelea.

Jioni hiyo Tupokigwe alishuka bondeni, karibu na kijito, mahali ambapo upupu ulikuwa umetambaa juu ya vichaka. Kila mtoto wa kijiji aliujua mmea ule na kuukwepa, kwa sababu vinyweleo vya maganda yake vikigusa ngozi vinawasha kama moto. Tupokigwe alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akachuma maganda manne, akayafunga vizuri.

Jumanne ilikuwa zamu yake ya kufagia darasa, hivyo alifika shuleni mapema. Stoo haikuwa imefungwa. Alikung'uta vinyweleo vya upupu ndani ya kola ya koti jeusi na ndani ya mikono ya koti hilo, kisha akaenda kuutupa mfuko chooni. Alifagia darasa mara mbili siku hiyo.

Saa nane mchana, mazoezi yalianza. Brayson alikwenda moja kwa moja kuchukua koti, lakini Mwalimu Matilda akamzuia.

"Ngoja, Brayson. Naona umezoea sana kusukuma watu. Leo tubadilishane. Wewe utakuwa Mwonewa, na Anord atakuwa Mwonevu."

"Mwalimu! Hilo koti ni langu!" Brayson alilalamika, na wote walimsikia.

"Ni la mume wangu. Anord, vaa."

Tupokigwe alisimama mahali pake pa Shahidi, pembeni ya ubao. Alimwona Anord akinyoosha mkono na kulishusha koti kutoka kwenye msumari. Alitaka kupaza sauti, "Usivae!" Lakini nikisema, wataniuliza nimejuaje, aliwaza. Labda upupu umeshapoteza nguvu. Labda vinyweleo vimeanguka. Anord akaingiza mkono mmoja, halafu wa pili, akainua kola kama Brayson alivyokuwa akifanya. Darasa likacheka kwa furaha.

Kicheko hakikudumu. Anord alianza kujikuna shingo, akajikuna kifua, kisha kwa mikono ile ile akajipangusa macho. Akapiga kelele. Alizunguka akijikunakuna, akagonga dawati, na ghafla kelele zikakatika. Alikuwa ameshika kifua, mdomo wazi, akivuta pumzi inayopiga mluzi na isiyotosha.

"Pumu!" Goodness alipiga ukelele.

Watoto wengi waliganda. Brayson ndiye aliyeruka. Alimvua Anord koti kwa mikono yake mitupu, akalitupa chini, akakimbilia begi la Anord na kurudi na dawa yake ya kuvuta. "Vuta, Anord, vuta," alisema, akimwekea dawa mdomoni. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Masumbuko, alikuja mbio. Wakampandisha Anord kwenye pikipiki ya Mwalimu Mkuu, Mwalimu Matilda akakaa nyuma kumshikilia, wakaondoka kuelekea zahanati.

Tupokigwe alikuwa bado amesimama pale pale pembeni ya ubao.

Mwalimu Mkuu aliporudi, aliligeuza koti kwa kijiti na kuona vinyweleo vya upupu vimejaa kwenye kola. Aliwapanga wanafunzi mstari.

"Nani amefanya hivi?"

Macho mengi yalimgeukia Brayson. Kila mtu alikumbuka kwamba mwezi uliopita alimwekea Goodness mjusi kwenye begi. Kila mtu alikuwa amemsikia aking'ang'ania koti. Na sasa Brayson alikuwa akijikuna viganja.

"Mikono yako inawasha kwa nini?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Nilimvua koti, Mwalimu! Nilikuwa namsaidia!"

"Ulikasirika kunyang'anywa nafasi yako, si ndivyo?"

"Si mimi, Mwalimu. Haki ya Mungu si mimi!"

"Kesho asubuhi uje na baba yako. Na ukiranja umekwisha leo."

Brayson alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea. Kundi lake lote lilikuwa linatazama chini. Tupokigwe aliona macho yake yakijaa machozi, na kwa muda mfupi alihisi utamu. Hata wewe sasa umejua, alisema moyoni. Lakini utamu ule haukumfikisha hata getini. Kila alipofumba macho alisikia mluzi wa pumzi ya Anord.

Badala ya kwenda nyumbani, alimkabidhi Ezron kwa jirani yao na kwenda zahanati. Anord alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani. Kope zake zilikuwa zimevimba, shingo imejaa mapele mekundu. Pembeni yake aliketi bibi yake, Bibi Eveline, mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge na kuvaa sweta ya kiume.

"Kamwene," Bibi Eveline alimsalimu kwa Kihehe, kisha akamtazama vizuri. "Wewe ndiye yule msichana wa Kyela? Mjukuu wangu anakutaja sana nyumbani. Afadhali umekuja. Kaa naye kidogo, nikamtafutie maji ya kunywa. Nikikuachia wewe sina wasiwasi."

Tupokigwe alikaa. Kiti kilikuwa bado na joto la bibi.

Anord alifungua jicho moja. "Wanasema ni Brayson," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Lakini sielewi. Brayson ndiye aliyenivua. Kama ni yeye, angeligusaje koti kwa mikono mitupu?"

Tupokigwe aliinuka kitini. Bibi Eveline aliporudi na kikombe, alimkuta ameshasimama mlangoni. "Naondoka, Bibi," alisema, akatoka akikimbia.

Mama yake, Mama Sabina, alikuwa jikoni akimenya ndizi. Tupokigwe aliketi karibu yake, akamweleza kila kitu, tangu siku ya kusoma kitabu mpaka upupu. Alieleza bila kupumzika, na alipofika kwenye maneno ya Bibi Eveline akaanza kulia kwa kwikwi.

Mama aliweka kisu chini. Akamvuta karibu.

"Video hiyo mimi sijaiona," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia Baba. Akasema jina ni jina tu."

Mama alitikisa kichwa. "Tulikuachia mzigo peke yako. Hilo ni kosa letu, nami nitaongea na baba yako. Lakini koti ni kosa lako, Tupokigwe. Mtoto wa watu angeweza kufa. Na mtoto mwingine kesho atapigwa kwa jambo asilolifanya."

"Wataniita muuaji, Mama."

"Huenda wakakuita. Nitakwenda nawe mpaka mlangoni. Ila maneno utasema mwenyewe."

Asubuhi, mbele ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, walimkuta Bwana Vitus akiwa bado na ovaroli la kazini. Alikuwa amemkamata Brayson mkono na kushika mkanda kwa mkono mwingine. "Umenivunjia heshima!" alifoka. "Sema ukweli mbele ya walimu!"

"Baba, si mimi!"

Mkanda ulipoinuliwa, Tupokigwe aliuachia mkono wa mama yake.

"Ni mimi!" alisema. "Upupu niliweka mimi."

Bwana Vitus alishusha mkono. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini, na Mwalimu Matilda nyuma yake. Wote walimtazama msichana yule mtulivu kana kwamba wanamwona kwa mara ya kwanza.

"Wewe?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Anord amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, Mwalimu. Nilimkusudia Brayson. Nilimwona Anord akilivaa koti na sikusema." Alieleza kuhusu jina, daftari, video na chumvi ya Ezron.

"Brayson," Mwalimu Mkuu alisema polepole, "haya ni kweli?"

Ingekuwa rahisi kwa Brayson kukana. Alikuwa amesafishwa mbele ya baba yake. Alitazama viganja vyake vilivyobabuka, akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Yote. Na video niliituma mimi."

"Na mimi nina langu," Mwalimu Matilda alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Siku ile ya kwanza aliposoma, nilitabasamu. Watoto waliniona. Tena kwenye mazoezi nilisikia lile jina, nikalikemea neno bila kuuliza anayeumizwa ni nani. Tupokigwe, nisamehe."

Tupokigwe hakuwahi kusikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha mbele ya watu. Alitazama chini, akaitikia kwa kichwa.

Mwalimu Mkuu hakulifunga jambo lile kwa maneno matupu. Brayson hakurudishiwa ukiranja. Alitakiwa kufuta video, kwenda na baba yake kwa wenye kundi la WhatsApp kuomba wote waifute, na kusimama mbele ya mstari wa asubuhi kukiri alichofanya. Tupokigwe naye alitakiwa kukiri kwenye mstari ule ule, na kwa wiki mbili angemsaidia Bibi Eveline kazi za nyumbani kila baada ya masomo. "Lakini kwanza," Mwalimu Mkuu alisema, "nenda kamwambie Bibi wewe mwenyewe. Usimtume mtu."

Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Bibi Eveline alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake. Alikaza uso.

"Nilikuachia mjukuu wangu," alisema. "Nilikwambia sina wasiwasi, na wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Msamaha hautoki kama maji ya bomba, mwanangu. Ndoo ile pale. Kisima unakijua."

Tupokigwe alichota maji. Alichota siku hiyo, kesho yake, na kesho kutwa. Anord alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, lakini alipomwona Tupokigwe akija aliingia ndani na kufunga mlango. Tupokigwe hakumlaumu. Alijaza mapipa, akafagia, akaaga na kuondoka.

Siku ya nne alimkuta Brayson uani kwa Bibi Eveline, akipasua kuni. Wote wawili waliona haya.

"Umetumwa na baba yako?" Tupokigwe aliuliza.

"Jana jioni alinituma, ulikuwa umeshaondoka. Leo sijatumwa." Brayson alipiga shoka kwenye gogo, likakwama, akahangaika kulichomoa. "Tupokigwe, mimi nilidhani hukujali. Siku ile ya kwanza ulicheka na sisi."

"Nilicheka ili nisilie."

Brayson aliacha kuhangaika na shoka. "Nilipopangwa mstari, wote wakinitazama, nilitamani ardhi inimeze. Ilikuwa saa moja tu. Wewe umekaa hivyo miezi mingapi?"

"Tangu mwezi wa kwanza."

Brayson alirudi kwenye gogo. Alichomoa shoka, akamaliza kuni zote, kisha akamsaidia kubeba ndoo ya mwisho. Bibi Eveline, aliyekuwa akiwatazama kutoka jikoni, aliwaletea viazi vya kuchemsha kwenye sahani moja, akarudi ndani. Wakala.

Jina lenyewe halikufa kwa siku moja. Watoto wa madarasa ya chini waliendelea kulitumia, mpaka Brayson alipowasimamisha mara mbili tatu bombani na kuwaambia, "Anaitwa Tupokigwe." Mwalimu Matilda naye alianza kukaa na Tupokigwe robo saa baada ya masomo, wakisoma kwa sauti pamoja. Siku nyingine Tupokigwe alimfundisha mwalimu maneno ya Kinyakyusa, na mwalimu alipoyakosea walicheka wote wawili.

Siku ya mahafali ilifika. Mahema mawili yalipigwa uwanjani, wazazi wakajaa. Mwalimu Matilda alikuwa amewaacha watoto wachague wahusika wao upya. Goodness alitaka kuwa Mwonevu, akaigiza vizuri mpaka mama yake akashangaa. Brayson aliomba kuwa Shahidi. Tupokigwe alikuwa Mwonewa, na Anord, aliyesema hataki kuona koti lolote mwaka huu, aliigiza Mwalimu akiwa na miwani ya karatasi. Watazamaji walicheka mwanzoni. Tupokigwe alipoanza kuzungumza, kicheko kiliisha, na wapo kina mama waliofuta macho kwa ncha za vitenge.

Igizo lilipokwisha, Mzee Lutengano alimfuata binti yake nyuma ya hema. Alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

"Nilikwambia jina ni jina tu," alisema. "Nilikuwa nimechoka, sikukusikiliza. Siku nyingine ukija na jambo, nitavua viatu, nitakaa chini, nitasikiliza mpaka mwisho."

"Ndaga, Baba," Tupokigwe alimshukuru kwa lugha ya nyumbani.

Mwalimu Matilda aliwakusanya waigizaji wote kabla hawajatawanyika kwenda kula pilau. "Sikilizeni, wanangu," alisema. "Anayemwonea mwenzake anafanya ubaya, na anayecheka pembeni anamsaidia. Anayelipa kisasi naye anadhani anamlenga mtu mmoja, lakini kisasi hakina macho. Kinaweza kumpata yule yule aliyekutendea wema. Ukionewa, sema. Mtu mzima wa kwanza asipokusikiliza, nenda kwa wa pili, nenda kwa wa tatu, mpaka apatikane wa kusikia. Na ukikosea, kiri mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako. Tupokigwe alikosea vibaya, lakini alisimama akasema. Brayson alikosea vibaya, naye akasema. Ndiyo maana leo wote tuko hapa tukisubiri pilau."

Watoto walicheka na kukimbilia kwenye sufuria. Tupokigwe alibaki nyuma akikunja kitambaa cha jukwaa. Alipoinua macho, Anord alikuwa amesimama mbele yake. Tangu siku ile ya zahanati hawakuwa wameongea nje ya igizo.

"Jumatatu kuna kazi ya sayansi ya vikundi," Anord alisema. "Kikundi chetu tuko watatu. Tunamtafuta wa nne."

Tupokigwe aliogopa kufurahi haraka. "Nani na nani?"

"Mimi, Goodness na Brayson." Alijikuna shingo kidogo, akatabasamu. "Bibi amesema sasa unajua kujaza pipa bila kumwaga. Basi nikaona hata vipimo vya sayansi utaviweza."

"Nitakuja," Tupokigwe alisema. "Nitakuja na rula."

Anord alishika upande wa pili wa kitambaa, wakakikunja pamoja, kisha wakaenda kupanga foleni ya chakula.